Mfuko wa Hereni

Karatasi ya kwanza ilikaa mlangoni pangu nusu siku tu. Niliibandika asubuhi kabla sijafungua duka, na mchana nilipotoka kumwaga maji ya deki nikakuta imebaki gundi na pembe moja. Ya pili nikaibandika kwa ndani ya kioo, ili anayetaka kuichana alazimike kuingia na kuniangalia usoni kwanza.

Na wala haikuwa siri. Hilo ndilo watu huwa hawalielewi nikiwasimulia. Kila mwaka serikali huweka mtandaoni majina ya wote waliolipwa ruzuku ya kilimo: jina, kata na kiasi. Fedha ni za umma, nyingine za hapa kwetu Romania, nyingi zaidi zinatoka Brussels, kwa hiyo umma una haki ya kuona zimekwenda kwa nani. Huombwi kitambulisho, hulipi senti. Ila huku kijijini kwetu Scaieni hakuna aliyewahi kuangalia. Wazee hawana mtandao, vijana wako Italia na Ujerumani wanachuma matunda ya watu, na sisi tuliobaki tulidhani mambo kama hayo yamefungiwa kwenye kabati la meya.

Aliyeniambia niangalie ni Zamfira Bodea. Mwanamke mfupi, mabega mapana, sauti ya kuita mbwa aliye kilima cha pili. Yeye na mumewe Sabin wanafuga kondoo, kama babu zao walivyofuga. Majira ya joto wanapanda nao Malisho ya Juu, nyanda za nyasi zilizo ng'ambo ya msitu, ambazo tangu zamani zilikuwa mali ya kijiji kizima. Unapanda, unalisha, unakamua, unateremka theluji ikianza. Hakuna aliyekuwa anamwomba mtu ruhusa.

Halafu halmashauri ikayakodisha. Tulitangaziwa kwamba malisho yamepewa Chama cha Wafugaji Vijana wa Scaieni, ili kuendeleza ufugaji. Vizuri, tukasema, hatimaye vijana. Lakini miaka mitatu ikapita hatujamwona kijana hata mmoja wala mkia wa kondoo wake. Tulichokiona ni karani wa halmashauri, akipita kila msimu kuwatoza wafugaji wetu ada ya kila kichwa, kwa nyasi ambazo babu zao walizing'olea visiki. Zamfira akaenda kumuuliza Meya Gavrila: hao vijana ni akina nani? Meya akamwambia hizo ni taarifa binafsi za watu, sheria inamkataza kuzitoa.

Akatoka huko akaja moja kwa moja dukani kwangu. Alikuwa amekuja kununua chumvi ya kondoo, akasahau hata chumvi yenyewe.

"Leontina, hiyo simu yako inaweza kunitafutia kijana mfugaji?"

"Wa kuoa au wa kuajiri?" nikamtania.

"Wa kumkaba koo."

Tukatafuta. Mtandao wetu unakwenda kwa kusuasua, ikabidi nisimame karibu na friji ya bia ambako unashika. Nikaandika jina la kata yetu, majina yakashuka. Hayakuwa mengi. Nikayasoma moja moja, na la juu kabisa, kwa kuwa ndilo lililokuwa na fedha nyingi kuliko mengine yote ukiyajumlisha, lilikuwa la hicho chama. Mwenyekiti wake, Dragota Liviu. Euro tisini na moja elfu kwa mwaka mmoja.

"Liviu yupi?" akauliza Zamfira.

"Dada, tunaye Liviu mmoja tu."

"Wa kuosha magari?"

"Huyo huyo. Shemeji wa meya."

Zamfira akakaa juu ya gunia la unga. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Liviu ana gereji ya kuosha magari mjini, mtu wa viatu vyeupe, na akiikaribia sufu anapiga chafya kama farasi. Halafu kicheko kikakatika.

"Chapa," akasema. "Bandika mlangoni."

Nikasita. Nauza bia, na leseni ya bia inapigwa mhuri na halmashauri. Nilimwambia hivyo, sikumficha.

"Basi niandikie kwa mkono nikabandike mimi kwenye nguzo ya umeme. Sitakulaumu."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia aibu kuliko kama angenitukana. Nikawasha ile mashine ninayochapia risiti za mzigo.

"Nikitoa ukurasa wa kata nzima, na wewe umo," nikamwonya. "Wewe, na mfugaji mwenzako Nistor, na kila mtu."

"Na mimi usinitoe," akasema. "Nikikatwa mimi, watasema imechezewa."

Hivyo ndivyo ile karatasi ya kwanza ilivyofika mlangoni, na jinsi ya pili ilivyofika nyuma ya kioo. Kesho yake askari wa kijiji, Tudorel, akaingia, kofia mkononi. Si mtu mbaya. Alikuwa na haya ya mtu aliyetumwa.

"Shangazi Leontina, nimeambiwa hiyo karatasi uitoe. Inafichua mambo binafsi ya watu."

"Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa tu."

"Serikali imeyaweka mtandaoni dunia nzima ione. Mimi nimeyaweka mlangoni ili mama mkwe wako naye aone, maana hana simu. Nionyeshe sheria nitoe."

Akasoma karatasi kutoka juu hadi chini. Alipofika kwenye ile tisini na moja elfu akajikuna shingo. "Nitasema nimekuta duka limefungwa," akasema, akanunua sigara, akaondoka.

Jumamosi Liviu mwenyewe akaja. Jumamosi duka langu huwa ni baa zaidi kuliko duka, na siku ile lilijaa kwa sababu kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu karatasi. Wengi walikuwa wanasema chinichini. Zamfira alikuwepo, na Sabin, aliyeegemea ukuta kupumzisha nyonga yake mbovu, na Nistor, mfugaji wa pili kwa ukubwa baada yao. Liviu akaingia na viatu vyake vyeupe, akawaagizia watu wote tuika, ile pombe yetu kali ya matunda, kisha akaenda kusimama mbele ya karatasi kama padri mbele ya kitabu.

"Jamani, mnasoma mstari wa juu tu? Hebu tusome na wa chini. Bodea Zamfira! Euro elfu nne na mia tatu! Haya, shangazi, na wewe unakula Brussels kumbe? Mbona mwaka jana ulikuwa unalia huna hela ya daktari wa Sabin?"

Watu wakageuka kumtazama. Sitadanganya, hata mimi niligeuka. Elfu nne na mia tatu si fedha ndogo kwetu, na Zamfira hakuwahi kuitaja. Jirani yake mmoja, ambaye majira ya baridi alimkopesha kuni, alikunja uso. Sabin akatazama sakafu.

Zamfira akaweka glasi chini. Akaenda akasimama bega kwa bega na Liviu, akaweka kidole kwenye mstari wake.

"Umesoma polepole, mwanangu, wa nyuma hawajasikia. Elfu nne na mia tatu! Ni zangu, nimelipwa, kwa kondoo mia moja na themanini ambao kila mmoja wenu amewahi kuwakuta barabarani akawatukana. Nimenunua nyasi kavu za majira ya baridi. Nimenunua mashine ya kukatia sufu, ya zamani ilikuwa inanirusha na umeme. Nimelipa watu wawili wa kukamua. Kilichobaki kilikwenda kwenye nyonga ya Sabin, na hakikutosha, ndiyo maana nililia. Florica, kuni zako nitakurudishia, na kama nilikosea kutokukwambia, nimekosea. Haya. Zangu zimekwisha. Sasa wewe."

"Mimi nini?"

"Tusomee zako. Halafu tuambie: kondoo wangapi, wamelala wapi jana, yupi ana kwato mbovu."

"Mambo ya chama hayajadiliwi baa."

"Basi mtaje kondoo mmoja tu. Jina lake."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikazunguka chumba. Liviu alijaribu kucheka nao, lakini alikuwa amechelewa. Alitoka bila kuimaliza glasi yake. Ile tuika aliyoiagiza watu waliinywa. Scaieni tuna misimamo, lakini si ya kumwaga pombe.

Nilidhani yameishia hapo. Wiki iliyofuata nilipanda Malisho ya Juu kuchukua jibini, kama nifanyavyo kila Alhamisi majira ya joto. Nikamkuta Zamfira amefunga mikono yake kifuani mbele ya kibanda, na Meya Gavrila na shemeji yake wakiwa wamesimama mbele yake. Gari lao walikuwa wameliacha mbali, mbwa wamelizingira. Sabin alikuwa ndani anakoroga sufuria ya mamaliga, ule ugali wetu wa njano, mlango wazi, masikio nje.

Meya ni mtu mwenye sauti ya asali. Hagombi. Anakuita mama, anakuuliza magoti.

"Mama Zamfira, tumetoka mbali. Wakaguzi wa ruzuku wanakuja Jumatano. Ruzuku ya chama ni ya nyanda zote hizi, lakini lazima waone kondoo mia nne wa chama hapa malishoni. Jambo la kawaida, ukaguzi. Sasa, kondoo mko nao ninyi: wewe, Nistor na wengine. Tunaomba mtuazime siku moja. Saa mbili, tatu, wakishahesabu wanaondoka."

"Na masikio?" akauliza Zamfira. "Kondoo wangu wana hereni zangu. Namba zangu."

Liviu akanyanyua mfuko wa nailoni aliokuwa ameushika, ule wa kuwekea viazi, ukalia chakachaka kama karanga. Akaufungua. Zilikuwa hereni za mifugo, za plastiki ya njano, mpya, kila moja na namba. Zile ambazo serikali inakupa umvishe mnyama sikioni ajulikane ni wa nani.

"Unazivua zako, unawavisha hizi," akasema. "Ukaguzi ukiisha unarudisha."

"Niwatoboe masikio mara ya pili."

"Ni kondoo, shangazi."

Niliona shingo ya Zamfira ikibadilika rangi. Lakini sauti yake ilibaki chini, na hapo ndipo nilipoogopa, maana yule mama sauti yake haibaki chini.

"Na nikikataa?"

Meya akatazama nyanda zote zile za kijani, akapumua kama mtu anayefurahia hewa. "Mkataba wa malisho uko kwa chama. Chama kikikasirika, mwakani sijui nitawasaidiaje kupanda huku. Ningesikitika sana. Tangu enzi za babu yako mpo."

Sabin akatoka na mwiko mkononi. "Zamfira," akasema taratibu, "ni siku moja tu. Tuwaazime yaishe."

 Zamfira akanyoosha mkono kwa Liviu. "Acheni mfuko," akasema. "Jumatano kondoo watakuwepo. Nitawaambia na wenzangu."

Meya akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Liviu alikuwa ameshaanza kupiga chafya, akakimbilia gari. Walipokwisha kupotelea kwenye msitu nilimgeukia Zamfira na hasira zote nilizokuwa nazo. Mimi ndiye niliyeweka karatasi mlangoni, mimi ndiye ninayeviziwa leseni, na yeye anapokea mfuko?

"Ungetaka niukatae?" akasema. "Wangeupeleka kwa mwingine, na sisi tungebaki na maneno. Sasa tazama. Wameniletea wenyewe, kwa mikono yao." Akauinua mfuko juu akautikisa. "Miaka mitatu nautafuta mfugo wa hawa watu. Kumbe ni huu."

Akazunguka kwa wafugaji wenzake siku hiyo na siku zilizofuata. Hakuwabembeleza. Aliwaambia walete kondoo Jumatano kama meya alivyotaka, ila wasiguse sikio la mnyama yeyote, na kila mtu awapake alama yake ya rangi mgongoni, kubwa, kama tunavyofanya makundi yakichanganyika. Nistor alimwambia hataki kuingia vitani, binti yake anafanya kazi halmashauri, atafukuzwa. Zamfira akamwambia, "Basi njoo na kondoo, mdomo ubaki nyumbani."

Jumatano nilifunga duka nikapanda. Karibu kijiji kizima kilipanda, tukijidai tunakwenda kuchuma uyoga. Meya alikuwa ameandaa meza chini ya turubai: mamaliga, nyama ya kuchoma, jibini, nyanya, chupa za tuika. Wakaguzi walikuwa wawili. Mkuu wao alikuwa mwanamume mnene aliyekwenda kwenye meza kwanza, anamwita meya kwa jina. Mwingine alikuwa mwanamke wa makamo, Simina, mwenye buti zenye tope la kweli na kifaa cha kusomea hereni mkononi. Yeye alikwenda kwenye kondoo.

Na kondoo walikuwepo. Mia nne na zaidi, uwanda umejaa, vumbi na kelele na harufu. Migongoni wana rangi: ZB nyekundu ya Zamfira, duara la buluu la Nistor, msalaba wa kijani wa wengine. Liviu alisimama upande wa upepo, leso puani.

Simina akamshika jike wa kwanza, akasogeza kifaa sikioni, akatazama kioo.

"Huyu ni wa Bodea Zamfira."

Akashika wa pili. Bodea Zamfira. Wa tatu alikuwa wa Nistor. Akaendelea kimyakimya, kondoo baada ya kondoo, na sisi wote tukanyamaza, mpaka ukawa unamsikia meya akitafuna.

"Hicho kifaa kina hitilafu," akasema meya, akicheka. "Teknolojia, huku milimani! Njoo ule kwanza, binti."

"Hakina hitilafu," akasema Simina. "Kondoo wa chama wako wapi?"

Meya akamtazama Zamfira. Sote tukamtazama Zamfira. Akatoka katikati ya kundi lake, amevaa koti la ngozi ya kondoo na joto lile, mfuko wa viazi begani. Akaenda hadi mezani. Hakumsalimia mtu. Akaufungua mfuko, akaupindua, na hereni zikamwagika juu ya kila kitu: kwenye mamaliga, kwenye nyanya, ndani ya glasi ya mkaguzi mkuu, nyingine zikadondoka nyasini.

"Hawa hapa," akasema, na safari hii sauti ilifika ng'ambo ya pili. "Kondoo wa Chama cha Wafugaji Vijana. Wahesabu, dada, wametulia, hawatakukimbia. Hawali nyasi, hawaugui kwato, hawazai, mbwa mwitu hawawataki. Wamekula euro tisini na moja elfu mwaka jana, na hakuna hata mmoja aliyeacha mavi kwenye haya malisho. Meya kaniletea Alhamisi hapa hapa, niwavishe kondoo wangu. Shemeji yake ndiye aliyeubeba mfuko. Leontina alikuwepo. Mume wangu alikuwepo. Haya, Gavrila, sema ni uongo, nakusikiliza."

Liviu akapiga chafya. Mtu akajibu "Afya!" kwa sauti kubwa, na watu wakacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia Scaieni, cha watu waliokuwa wamekibana miaka mitatu.

Mkaguzi mkuu akatoa hereni kwenye glasi yake kwa vidole viwili. "Bibi, haya mambo tutayazungumza ofisini, kwa utulivu."

"Yazungumzwe hapa. Nyasi ziko hapa."

"Kuna taratibu."

"Taratibu ndizo hizo ninazoona anazifanya mwenzako," akasema Zamfira. Kwa kweli Simina alikuwa ameinama, anazipiga picha hereni pale pale kwenye mamaliga, namba juu. Kisha akachukua karatasi, akaandika maelezo, akauliza nani atasaini kama shahidi. Zamfira akasaini. Sabin akachechemea hadi mezani. Alikuwa amepauka, lakini akaandika jina lake lote, na la baba yake.  Nistor aliwapigia mbwa mluzi akaanza kuteremka na kundi lake, mgongo ametugeuzia. Sikumlaumu wakati ule, simlaumu sasa.

Nikajikuta natembea kwenda mezani. 

"Wewe una kondoo wangapi?" akaniuliza Simina.

"Sina hata mmoja. Lakini jibini nakula, na kodi nalipa."

Akaniachia kalamu.

Sasa, msidhani meya alitoka pale kwa pingu. Majira ya baridi yale yalikuwa marefu. Leseni yangu ya bia ilikaa halmashauri ikisubiri mhuri ambao ghafla haukuwa unapatikana. Wateja wakawa wananywa kahawa wakinuna. Lori la maziwa lililokuwa linachukua mzigo wa Zamfira likaacha kupita, dereva akasema njia imekuwa mbaya, njia ile ile. Zamfira akageuza maziwa yote kuwa jibini, akakodi meza sokoni mjini, na kwenye kibao chake akaandika jina lake lote na kiasi cha ruzuku anachopata. Watu wa mjini walisimama kusoma, wakauliza, wakanunua.

Ruzuku ya chama ilisimamishwa. Liviu aliamriwa kurudisha fedha za miaka mitatu. Amekata rufaa, anaosha magari. Waendesha mashtaka walimhoji meya, naye akasema alidanganywa, kwamba huyo shemeji hata hamjui vizuri. Tulilisikia hilo dukani, na Florica, yule wa kuni, akasema, "Masikini, amekaa naye meza moja kila Pasaka, hajapata nafasi ya kumwuliza jina."

Theluji ilipoyeyuka tukakuta lango la chuma barabarani, pale njia ya Malisho ya Juu inapoingia msituni. Mnyororo, kofuli, na kibao cha halmashauri: mkataba unapitiwa upya, kulisha marufuku hadi itakapotangazwa. Hakuna anayelisha, hakuna atakayelisha. Ilikuwa ni adhabu, na kila mtu aliijua ni ya nani.

Siku ya kupanda, Zamfira alipanda. Nilimwona akipita mbele ya duka asubuhi, kengele zinalia, Sabin amekaa kwenye mkokoteni wa punda juu ya masufuria, na mkononi mwake Zamfira ameshika mkasi wa kukatia vyuma, ule mrefu wa mikono miwili. Nikavua aproni nikamfuata. Langoni alikuwepo Tudorel, ametumwa tena.

"Shangazi Zamfira, nimeambiwa nisikuruhusu."

"Basi usiniruhusu, mwanangu. Mimi sijakuomba."

"Ukikata nitaandika ripoti."

"Andika. Andika saa, andika jina langu, andika kwamba nilikuwa na akili zangu timamu. Na ukimaliza iweke mtandaoni, mimi sina cha kuficha."

Akabana kofuli kati ya meno ya mkasi, akaegemea kwa mabega yale mapana. Halikukatika mara ya kwanza. Akatema mate viganjani, akaegemea tena, likalia kama risasi na mnyororo ukashuka. Tudorel akatoa kidaftari. Aliandika kweli, na alipomaliza akasogea pembeni akalishika lango lisiwagonge kondoo.

Walipita wote. Tulikuwa bado tunalifunga tuliposikia kengele nyingine huko chini, halafu nyingine tena. Makundi mawili yenye msalaba wa kijani yakatokea kwenye kona. Na baada ya muda mrefu, tulipokuwa tumekwisha kukata tamaa, likaja duara la buluu.  Zamfira alimpisha Nistor apite mbele.

Kesi ya kofuli bado iko mahakamani. Kila ikitajwa, Zamfira huteremka na koti lake la ngozi, harufu ya kondoo ikimtangulia mpaka kizimbani. Hakimu humwuliza kama anakiri kuharibu mali ya halmashauri. Yeye humjibu kwamba kofuli amelikata, ndiyo, na kama kuna kofuli lingine wamwambie liko wapi. Kisha anapanda zake kukamua.